Kaburi la mlimani: Maisha ya McMillan, 'lodi' wa Kilimambogo

UKIONDOKA Nairobi kwa barabara ya Kangundo, ukavipita vituo vya Ruai, Kamulu, Joska na Malaa mpaka ukaingia mji wa Tala, kuna jambo moja ambalo halikuachi karibu njia nzima. Nalo ni mlima uliosimama peke yake upande wa kushoto, mpana wa kiuno, uliofunikwa msitu, kana kwamba ulijitenga na ndugu zake wa Ukambani ukaenda kujikalia.

Wakamba huuita Kyanzavi. Wamaasai waliuita Ol Doinyo Sabuk, yaani mlima mnene, na jina hilo ndilo serikali iliyolishika. Wakikuyu huuita Kianjahi, na katika imani yao ya jadi ni mojawapo ya maskani ya Ngai. Wasafiri wengi huuita Kilimambogo, kwa sababu ya mbogo wanaokaa katika msitu wake.

Muulize mkazi wa Tala au wa Matungulu ni nani aliyezikwa mlimani humo, naye hatasita. Atakujibu kwamba ni Lodi McMillan, tajiri wa Kizungu aliyekuwa mnene kupita kiasi. Vizazi kadhaa vimelirithi jibu hilo, na sehemu yake kubwa ni kweli.

Kosa lililomo ni moja tu. McMillan hakuwa lodi. Hata Mwingereza wa kuzaliwa hakuwa. Alikuwa Mmarekani, mwana wa mwenye viwanda vya mabehewa ya reli, na cheo alichokuwa nacho kilikuwa cha aina ambayo hufa na mwenyewe.

Hata hivyo, jina lake halikufa. Limechongwa juu ya mlango wa maktaba kongwe kuliko zote jijini Nairobi, nayo imelindwa kwa sheria yake yenyewe tangu mwaka wa 1938. Jinsi mtu huyo alivyofika Ukambani, akazikwa huko, na jinsi jina lake lilivyohifadhiwa ilhali majina ya wenyeji wengi yalipotea, ni habari inayofaa kusimuliwa upya.

Mwana wa mabehewa

William Northrup McMillan alizaliwa mwaka wa 1872 katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani. Baba yake, aliyeitwa pia William McMillan, alikuwa mzaliwa wa Canada aliyehamia Marekani na kutajirika kwa kutengeneza mabehewa ya garimoshi.

Wakati huo Marekani ilikuwa ikitandazwa reli kutoka bahari moja hadi nyingine, na aliyeuza mabehewa hakukosa wanunuzi. Kampuni ya mzee McMillan ilistawi. Mwaka wa 1899 iliungana na kampuni nyingine kadhaa na kuunda American Car and Foundry, shirika lililokuwa miongoni mwa makubwa katika biashara hiyo.

Mwaka huohuo wa 1899, upande wa pili wa dunia, reli iliyoanzia Mombasa ilifika kwenye uwanda wenye maji baridi ambao Wamaasai waliuita Nairobi. Kijana aliyelelewa kwa pesa za reli ya Marekani hakujua bado kwamba reli hiyo nyingine ndiyo ingembeba hadi kwenye kaburi lake.

Mamake alikuwa Eliza Northrup, na jina la ukoo wa mama ndilo ambalo mwana alilitumia zaidi maishani. Bi Eliza anastahili kukumbukwa katika habari hii. Alipofiwa na mumewe, alitoa fedha za kujenga bweni la wanafunzi wa kike katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, liwe kumbukumbu ya marehemu. Mali aliyoiacha kwa wasia ilisaidia pia kuanzisha hospitali ya macho, masikio na koo iliyobeba jina la familia. Miaka mingi baadaye mkaza mwana wake angefanya vivyo hivyo jijini Nairobi.

Mwaka wa 1894 Northrup alimwoa Lucie Fairbanks Webber, Mmarekani mwenzake. Ndoa yao ilidumu hadi kifo kilipowatenganisha, lakini hawakujaaliwa mtoto. Hilo nalo lina uzito wake katika yaliyofuata, kwa maana mtu asiye na mrithi wa damu huachia wengine kazi ya kulitunza jina lake.

Mto uliomshinda

Urithi wa babake ulimfanya McMillan kuwa mtu asiyelazimika kufanya kazi. Matajiri wengi wa aina yake walikaa London wakihudhuria dhifa. Yeye alipenda kusafiri, kuwinda na kujaribu yale ambayo wengine walisema hayawezekani.

Mwaka wa 1903 alikwenda Ethiopia, enzi ya Mfalme Menelik wa Pili, akiwa na azma ya kusafiri kwa mashua katika Mto Abbay, ambao nje ya Ethiopia hujulikana kama Nile ya Buluu. Mto huo hupita katika bonde refu lenye kuta za mawe, na kwa muda mrefu hakuna aliyewahi kulifuata lote kwa maji. McMillan aliunda mashua za chuma, akaajiri mhandisi wa Kinorwe aliyeitwa Jessen, na kuandamana na marafiki, akiwemo Mwingereza Charles Bulpett.

Mashua hazikufika mbali. Maporomoko yalizivunja karibu na mahali ziliposhushwa majini, na msafara ukasambaratika. Bulpett baadaye aliandika kitabu juu ya safari za tajiri huyo, na kukiita kwa jina la mzaha lililoifananisha safari na mandari ya watu waliokwenda porini kula chakula cha mchana.

Mto ulimshinda, lakini Afrika ilikuwa imekwisha kumteka. Kutoka Ethiopia macho yake yaligeukia kusini, katika nchi ambayo Waingereza waliita Himaya ya Afrika Mashariki, ambako ardhi ilikuwa ikigawiwa Wazungu kwa bei ya kutupa.

Juja na mgeni wa heshima

McMillan alihamia huku karibu mwaka wa 1904. Akapata shamba la karibu ekari 20,000 kati ya Nairobi na mlima Kilimambogo, katika nyanda zinazopitiwa na mito Athi na Ndarugu. Akaliita Juja. Simulizi moja husema jina hilo lilitokana na sanamu mbili alizoletewa kutoka Afrika Magharibi. Mji wa Juja ulio kando ya barabara ya Thika bado unalibeba.

Ni vyema msomaji akumbuke hali ilivyokuwa Ukambani miaka hiyo. Machakos ilikuwa kituo cha Waingereza tangu mwaka wa 1889, kabla Nairobi haijakuwapo. Reli ilipopita na serikali ikataka wakulima wa Kizungu wa kuilipia gharama, sheria ya ardhi ya mwaka wa 1902 ilimpa mtawala uwezo wa kugawa maeneo yaliyodaiwa kuwa hayana mwenyewe.

Nyanda zilizo chini ya Kilimambogo zilihesabiwa kuwa tupu. Kwa mfugaji wa Kikamba hazikuwa tupu. Ardhi ambayo mvua haiaminiki hulishwa kwa zamu: mwaka huu mifugo iko hapa, mwaka ujao iko kule, ili nyasi zipate kupumua. Mgeni aliyepita wakati wa zamu ya kupumzika aliona nyika isiyo na mtu, akaweka mipaka. Wenyeji waliporudi na ng'ombe wao walikuta wamekuwa wavamizi.

McMillan hakuitunga sheria hiyo, ila alinufaika nayo kama walivyonufaika walowezi wenzake. Baada ya Juja alijipatia ardhi nyingine hadi miguuni pa mlima wenyewe, na ndipo alipoupenda kuliko mahali pengine popote duniani.

Mwaka wa 1909 alipata mgeni aliyeifanya Juja ijulikane Marekani nzima. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani mwezi wa Machi, alishuka Mombasa mwezi wa Aprili pamoja na mwanawe Kermit, akiongoza msafara wa kukusanya wanyama kwa ajili ya makavazi ya Smithsonian ya Washington. McMillan na mkewe walimkaribisha Juja, na pia katika makao yao ya Nairobi.

Wanyama waliouawa katika msafara huo walihesabiwa kwa maelfu, wakubwa kwa wadogo. Kitabu ambacho Roosevelt alikichapisha mwaka wa 1910 kilisomwa sana, nacho kilichangia kuifanya nchi hii kuwa kivutio cha wawindaji matajiri kutoka Marekani na Ulaya.

Watu waliomjua McMillan walimkumbuka kwa mambo mawili. La kwanza ni ukarimu: nyumba yake haikukosa wageni, na meza yake haikukosa chakula. La pili ni mwili wake. Alikuwa mrefu na mnene kiasi cha kuwa kivutio, na unene huo ungekuja kuamua mahali pa kaburi lake.

Vita na cheo cha Sir

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, Marekani ilikuwa bado haijajiunga. McMillan hakungoja nchi yake ya kuzaliwa. Aliingia katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kikosi cha ajabu kilichokusanya wawindaji, wasafiri na wazee waliozidi umri wa jeshi. Miongoni mwao alikuwamo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, aliyeuawa kwa risasi Januari 1917 huko Beho Beho, katika Tanzania ya sasa.

Nyumba ya McMillan jijini Nairobi, iliyoitwa Chiromo, iligeuzwa kuwa mahali pa maafisa waliojeruhiwa kupata nafuu. Nyumba hiyo ilijengwa kwanza na mlowezi Ewart Grogan, na eneo lake leo ni bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wanaosomea sayansi huko hupita kila siku mahali ambapo Roosevelt alilala.

Vita hivyohivyo viliwaita Wakamba, Wakikuyu, Wajaluo na wengine kwa maelfu mengi kuwa wapagazi. Walibeba risasi na unga migongoni hadi kusini mwa Tanganyika, na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wao wakiuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi unatunza kumbukumbu yao kwa jina lililotoholewa kutoka lile la kikosi chao. Hawakupata nyumba kama Chiromo ya kuuguzwa.

Mwaka wa 1918 McMillan alitunukiwa cheo, akawa Sir Northrup McMillan. Hapo ndipo ulipoanzia ulodi wake wa Tala.

Vyeo vya makabaila wa Uingereza vina ngazi. Juu wako malodi wenyewe, kuanzia baron hadi duke, ambao vyeo vyao hurithiwa na ambao kwa karne nyingi walikuwa na viti katika bunge la juu. Chini yao wako mabaroneti, ngazi iliyoanzishwa na Mfalme James wa Kwanza mwaka wa 1611 alipohitaji fedha. Cheo hicho hurithiwa, lakini mwenye nacho si lodi. Mwisho wako wale wanaoitwa Sir kwa sababu ya utumishi au mchango wao. Mke wa mtu huyo huitwa Lady, lakini mwanawe harithi chochote.

Kenya ilikuwa na malodi wa kweli. Lord Delamere, aliyekuwa baron wa tatu wa ukoo wake na kuwaongoza walowezi hadi kifo chake mwaka wa 1931, aliacha cheo na ardhi kwa mwanawe. Lord Egerton wa Njoro, aliyefariki mwaka wa 1958 bila mtoto, alikufa na cheo chake, na jina lake likabaki katika Chuo Kikuu cha Egerton.

McMillan alikuwa wa ngazi ya mwisho. Kwa mfanyakazi aliyekata mkonge au kuchunga ng'ombe wa Mzungu, tofauti hizo hazikuwa na maana. Mtu mwenye mlima wake, nyumba kubwa na watumishi wasiohesabika alikuwa lodi, na wenyeji walimpa cheo ambacho mfalme hakumpa.

Baada ya vita aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria kuwawakilisha walowezi, wakati ambapo himaya iligeuzwa kuwa koloni la Kenya mwaka wa 1920. Katika baraza hilo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka wa 1944.

Safari ya mwisho

Afya ya McMillan ilikuwa imekwisha kudhoofika. Alifariki Machi 1925 huko Nice, kusini mwa Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 52.

Alikuwa ametaka azikwe juu ya kilele cha Kilimambogo, mahali ambapo siku isiyo na mawingu mtu huiona Nairobi upande mmoja na Mlima Kenya upande wa pili. Mwili ukarudishwa kwa meli na kwa reli, ukapelekwa hadi miguuni pa mlima.

Kilele hicho kina urefu wa mita 2,145 kutoka usawa wa bahari, na njia yake ni mteremko mkali wenye msitu. Inasimuliwa kwamba jeneza lilikuwa zito mno kubebwa na watu, likawekwa juu ya chombo cha kuburutwa na kufungwa nyuma ya trekta. Trekta lilipanda kwa taabu, kisha mtambo wake ukaungua na kukataa kwenda mbele. Waombolezaji walitazamana, wakachimba kaburi papo hapo, kwenye bega la mlima, chini ya kilele alichokichagua.

Habari hiyo husimuliwa Tala kwa kicheko kidogo, si cha chuki. Mtu aliyeupata mlima mzima kwa karatasi alishindwa kuupanda mara ya mwisho, kama alivyoshindwa na Mto Abbay alipokuwa kijana.

Leo makaburi hayo yako ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Ol Donyo Sabuk, iliyotangazwa rasmi mwaka wa 1967 na yenye ukubwa wa takriban kilomita 20 za mraba. Wageni wanaopanda kwa miguu huyafikia baada ya mwendo wa kilomita saba hivi kutoka langoni, na wengi hupumzika hapo kabla ya kumalizia safari ya kileleni.

McMillan hayuko peke yake. Kando yake amelala mkewe, Lady Lucie, aliyefariki mwaka wa 1957, zaidi ya miaka 30 baada yake. Yupo pia Louise Decker, mwanamke mweusi aliyewatumikia kwa miaka mingi na kuandamana nao hadi Kenya. Husemwa kwamba hata mbwa wao alizikwa hapo.

Kaburi la Bi Decker linastahili kutazamwa kwa makini. Katika Kenya ya wakati huo watu walitenganishwa kwa rangi mitaani, shuleni, hospitalini na hata makaburini. McMillan na mkewe walikubali mtumishi wao mweusi apumzike ubavuni mwao kama mtu wa nyumba yao. Kwa zama hizo halikuwa jambo dogo. Tena linaifanya iwe vigumu zaidi kuelewa yaliyotokea Nairobi kwa jina la familia hiyohiyo.

Mjane na jumba la vitabu

Lady Lucie hakurudi Marekani. Alibaki Kenya akiwa mjane mwenye mali na marafiki wengi, miongoni mwao mwandishi wa Kidenmark Karen Blixen, aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Bulpett, yule wa safari ya Ethiopia, aliendelea kuwa mtu wa Chiromo hadi uzeeni.

Kama mavyaa wake alivyofanya kule St. Louis, mjane huyo aliamua kumkumbuka mumewe kwa jengo la elimu. Akisaidiwa na fedha za shirika la Carnegie la Marekani, alijenga maktaba katikati ya Nairobi, karibu na Msikiti wa Jamia. Ina nguzo ndefu za mawe mbele, ngazi pana, na sanamu mbili za simba zinazolinda mlango. Gavana Sir Joseph Byrne aliifungua Juni 1931.

Nchini Kenya ni maktaba moja tu inayosemwa kuitangulia kwa umri, nayo ni ile ya Seif bin Salim mjini Mombasa. Ndani ya ile ya McMillan mna magazeti ya tangu mwanzo wa karne iliyopita na kumbukumbu za mabaraza ya kutunga sheria. Zimo pia samani za Karen Blixen, aliyeziuza kwa Lady McMillan alipofilisika na kuondoka nchini mwaka huohuo wa 1931.

Lakini mlango ule mpana haukuwa wa kila mtu. Maktaba ilikuwa ya Wazungu pekee. Mwafrika angeweza kufagia ngazi zake na kupangusa vumbi la vitabu, ila hakuruhusiwa kuketi na kusoma. Mtu wa rangi ya Bi Decker, aliyepewa nafasi kaburini, hakupewa kiti kwenye meza ya kusomea.

Mwaka wa 1938

Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria maalumu ya Maktaba ya Ukumbusho ya McMillan, ili jengo na shughuli zake zipate ulinzi wa kudumu. Ni nadra kwa jengo moja kuwa na sheria yake.

Mwaka huohuo Wakamba waliandamana. Serikali ilikuwa imeanza kuwanyang'anya ng'ombe kwa nguvu, ikidai kwamba mifugo ilizidi uwezo wa ardhi na kusababisha mmomonyoko wa udongo. Ng'ombe hao waliuzwa kwa bei duni, na kiwanda kipya cha nyama cha Athi River kilikuwa kikiwasubiri.

Kwamba ardhi ilichoka ni kweli. Lakini ilichoka kwa sababu watu na mifugo walikuwa wamebanwa vilimani, baada ya nyanda walizozoea kulisha kwa zamu kuwa mashamba ya walowezi. Muindi Mbingu na wenzake wa Chama cha Wanachama wa Ukamba walilisema hilo bila kuficha. Julai mwaka huo, wanaume, wanawake na watoto walitembea kutoka vilima vya Machakos hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona gavana.

Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo unyang'anyi wa mifugo ulisitishwa, na ushindi huo bado unakumbukwa Ukambani kama wa kwanza wa aina yake.

Leo katikati ya Nairobi kuna barabara inayoitwa Muindi Mbingu, na kutoka hapo hadi kwenye simba wa McMillan ni mwendo wa hatua chache. Mmoja alipata jumba na sheria ya kulilinda, mwingine alipata barabara baada ya uhuru. Wengi hupita mahali hapo bila kujua kwamba majina hayo mawili yalikutana kwanza katika nyanda za chini ya Kilimambogo.

Mlango ulipofunguka

Mwaka wa 1962, uhuru ukiwa unabisha hodi, Baraza la Jiji la Nairobi lilichukua usimamizi wa maktaba na milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Matawi ya Kaloleni na Makadara yakawa sehemu ya familia hiyo ya maktaba.

Miaka ya baadaye haikuwa ya fahari. Paa lilivuja, vitabu vilizeeka na magazeti ya kale yakaanza kumeguka. Tangu mwaka wa 2017 shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na waandishi na wachapishaji wawili wa Kenya, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa mbele katika juhudi za kuzifufua maktaba hizo tatu. Yale ya Kaloleni na Makadara yamekarabatiwa, na watoto wa mitaa hiyo wanaketi humo wakisoma. Kazi kubwa ya kukusanya na kuhifadhi picha na nyaraka za kale imefanyika pia.

Wapo Wakenya wanaoona kwamba jumba hilo lingestahili kubadilishiwa jina, kama zilivyobadilishwa barabara za jiji. Wapo wanaosema jina libaki, ili watoto waulize McMillan alikuwa nani na waambiwe yote, pamoja na habari ya mlango uliofungwa kwa zaidi ya miaka 30. Hoja zote mbili zina uzito. Hatari kubwa ni ya tatu, yaani jina kubaki ukutani bila yeyote kujua maana yake.

Huku Kilimambogo, ardhi iliyozunguka mlima ilipita mikononi mwa wenye mashamba ya mkonge. Baada ya uhuru sehemu kubwa ikawa ya chama cha ushirika cha wakulima cha Muka Mukuu, ambacho wanachama wake walivutana kwa miaka mingi juu ya ugawaji na hati za kumiliki. Kwa hiyo, kwa wakazi wa Matungulu, mambo aliyoyaacha Sir Northrup si hadithi ya kale. Ni swali la nani alikuwa na nini, karatasi iko wapi, na kwa nini mjukuu wa aliyefanya kazi katika shamba hilo alingoja hadi uzeeni kupata kipande chake.

Mtu asiye na mtoto alijengewa kumbukumbu na mjane wake, na asiye lodi akafanywa lodi na wafanyakazi wake. Ana kaburi la mawe mlimani, ana maktaba, ana sheria. Wale waliolisindikiza jeneza lake mteremkoni, wakachimba udongo trekta lilipokataa, hawakuandikwa majina popote pale mlimani.

Baadhi yao huenda walikuwa wa Tala na Matungulu, na wajukuu wao huenda bado wapo. Maktaba ile, ambayo babu zao hawakuruhusiwa kuingia, sasa iko wazi na inakusanya kumbukumbu za watu wa kawaida. Mzee anayekumbuka yale aliyosimuliwa na babake kuhusu siku hiyo ya mwaka wa 1925 ana mahali pa kuyapeleka, kabla naye hajayabeba kaburini.